Hürrem hakumlisha Sultani limbwata: uzi kwa waliomaliza tamthilia na wanaoanza

Fundi wa Bondeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Umeme umerudi sasa hivi hapa Moshi, nimefunga kibanda mapema, naomba niandike jambo lililonikaa kooni tangu Jumamosi.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Bondeni. Juu ya kabati la vitambaa nina runinga ndogo, na kwa miezi kadhaa tumekuwa tukiirudia tamthilia ya Kituruki ya Sultani Süleyman, mtawala wa Kiothmani wa karne ya 16, na mkewe Hürrem, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Wateja wameizoea. Kuna wanaoleta nguo isiyo na shida yoyote, "nibanie kiuno kidogo," ili mradi wapate pa kukaa waangalie. Jumamosi tulikuwa wanawake sita. Hürrem alikuwa ametoka chumbani kwa Sultani, ameshinda tena, na mama mmoja mtu mzima ninayemheshimu akasema bila wasiwasi: "Huyu kamlisha limbwata. Mwanamume mwenye akili zake hafungwi hivi na mwanamke mmoja." Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa na pini midomoni, sikusema kitu. Najibu hapa.

Kwa ambao hawajaiona: jina lake la Kituruki ni Muhteşem Yüzyıl. Ilianza kuonyeshwa kwao Januari 2011 ikaisha Juni 2014, sehemu 139. Aliyeibuni na kuiandika mwanzo, Meral Okay, alifariki Aprili 2012 kazi ikiwa katikati, akaimalizia mwandishi mwingine. Halit Ergenç ni Süleyman. Hürrem ni Meryem Uzerli, mpaka alipoondoka mwaka 2013 na nafasi ikachukuliwa na Vahide Perçin. Ndiyo maana ghafla unamwona Hürrem mtu mzima mwenye sura nyingine. Wateja wangu walimkataa wiki nzima.

Sasa hilo limbwata. Maneno ya mama yule yana umri wa karibu miaka mia tano. Mwaka 1555 alifika Istanbul balozi wa Mfalme Ferdinand wa ukoo wa Habsburg, anaitwa Ogier Ghiselin de Busbecq. Katika barua zake akaandika kwamba inasemwa mjini kuwa mke wa Sultani anayashikilia mapenzi ya mumewe kwa dawa na uganga. Kabla yake, Mtaliano aitwaye Luigi Bassano aliandika kwamba watu wa mji na askari walimchukia, wakamwita mchawi. Tuangalie vizuri hao mashahidi. Balozi wa kigeni hakuruhusiwa kuukanyaga mlango wa haremu. Hakumwona akila wala akilala. Aliokota maneno sokoni na kwenye baraza za mabalozi wenzake, akayapeleka kwao Ulaya, nako wakayaandika vitabuni, yakawa historia, historia ikawa tamthilia, tamthilia ikaja Bondeni. Na sisi tukaitikia.

Kwa nini watu wa mji walihitaji uchawi ili wamwelewe? Kwa sababu alichofanya Süleyman hakikuwa na jina. Hürrem aliletwa mtumwa. Alitekwa na Watatari wa Crimea huko kwao, nchi iliyokuwa chini ya mfalme wa Poland na leo ni Ukraine, akauzwa, akaingia jumba la Sultani yapata mwaka 1520. Kiswahili tunalo neno lake kamili: suria. Na desturi ya masuria wa Kiothmani ilikuwa ngumu. Suria akimzalia mtawala mtoto wa kiume, kitanda kimekwisha. Kazi yake inageuka kuwa kumlea huyo mtoto, na mtoto akikua na kupewa jimbo, mama anaondoka naye kwenda huko mbali. Mama mmoja, mwana mmoja wa kiume.

Hürrem alizaa Mehmed mwaka 1521. Kisha akazaa Mihrimah, binti. Kisha wana wengine wanne wa kiume. Halafu, katikati ya miaka ya 1530, Sultani akamwacha huru akamwoa ndoa ya halali, jambo ambalo masultani kadhaa kabla yake hawakulifanya kwa suria yeyote. Na wanawe walipopelekwa majimboni, yeye alibaki Istanbul na mumewe. Akatungiwa cheo kipya, Haseki. Sultani aliandika mashairi kwa jina la Muhibbi, na katika moja anamwita Istanbul yake, Baghdad yake, Khorasan yake. Mwanamume anamwita mkewe kwa majina ya miji na nchi.

Mji mzima uliona mambo hayo, ukatafuta neno, ukapata limbwata. Neno "anampenda" lilikuwepo pia. Hawakulitaka.

Naendelea baadaye, kuna gauni la kesho asubuhi.

Dada wa Kiboriloni

Nimeweka kambi hapa, fundi. Lakini mimi ni timu Mahidevran tangu sehemu ya kwanza na sitahama. Yule ndiye suria aliyekuwepo kabla ya Hürrem, ana mwana mkubwa wa Sultani, Mustafa, mpole, shujaa, askari wanampenda. Anakuja msichana kutoka sokoni, mwezi mmoja tu amechukua kila kitu. Ungekuwa wewe ungekaa kimya? Nilimlilia Mahidevran kuliko wote.

Mwalimu wa Uru

Fundi, asante kwa kulileta neno suria. Nalifundisha darasani kila mwaka na wanafunzi hulidhani ni la zamani sana na la mbali sana. Si la mbali. Sultani Seyyid Said wa Zanzibar watoto wake walizaliwa na masuria. Binti yake Salme, aliyezaliwa 1844 na kuondoka Unguja 1866, mama yake Jilfidan alikuwa suria Mcherkesi, aliyeletwa kutoka upande uleule wa dunia walikoletwa wasichana wengi wa haremu ya Istanbul. Salme aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, kwa hiyo tunamsikia mtoto wa suria akimwelezea mama yake kwa upendo. Hürrem hakupata bahati hiyo. Yeye tunamsikia kwa mabalozi.

Kijana wa Soweto

Mnamsafisha huyu mama sana. Swali moja tu, nijibiwe bila kuzungushwa. Mustafa aliuawa na nani? Na mtoto mdogo wa Mustafa je?

Fundi wa Bondeni

Nimerudi. Gauni limetoka. Naanza na Kijana wa Soweto kwa sababu kauliza lililo zito.

Mustafa alinyongwa tarehe 6 Oktoba 1553, karibu na Ereğli kule Konya, ndani ya hema la baba yake. Jeshi lilikuwa njiani kwenda kupigana na Uajemi. Baba alimwita, mwana akaja, wakamnyonga. Mtoto wake mdogo wa kiume, Mehmed, akauawa Bursa baada ya hapo. Sitaki kupunguza hata neno moja katika hayo. Siku ile sehemu hiyo ilipoonyeshwa kibandani kwangu hakuna aliyeongea mpaka matangazo yakaisha, na Uturuki kwenyewe, ilipoonyeshwa mwaka 2014, watu walimiminika kwenye kaburi la Mustafa pale Bursa kama waliofiwa jana.

Je, Hürrem alitaka Mustafa asitawale? Nakubali, alitaka. Mkwewe Rüstem Pasha, mume wa Mihrimah na Waziri Mkuu, ndiye aliyepeleka habari kwa Sultani kwamba mwanawe anapanga uasi. Watu wa zama zile waliamini mama mkwe na mkwe walikuwa shauri moja, na mimi siwezi kusimama nikaapa kwamba hawakuwa.

Ila sasa nawe nijibu. Tangu Sultani Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Istanbul, sheria ilimruhusu anayepanda kitini kuwaua ndugu zake ili nchi isigawanyike. Baba yake Süleyman, Selim wa Kwanza, aliwaua kaka zake. Mjukuu wa Hürrem, Murad, aliwaua ndugu watano siku alipotawala. Kitukuu wake, mwaka 1595, aliwanyonga ndugu kumi na tisa. Wengine walikuwa watoto wadogo kabisa. Kwa hiyo weka hesabu ya Hürrem mezani. Mustafa akitawala, basi Mehmed, Selim, Bayezid na Cihangir wote ni maiti, hata Mustafa awe mpole namna gani. Upole wake ulikuwa wake, sheria ilikuwa ya kiti. Kila mama mle ndani aliamka asubuhi akijua kwamba ama mwanawe atawale, ama amzike. Kwetu Uchaggani kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la ukoo, na kaka zake wakigombana sana watafikishana kwa wazee. Kule kitinda mimba alikuwa Cihangir, mwenye kibiongo, ambaye hakuna aliyemtarajia kutawala, na bado kamba ilikuwa inamsubiri.

Tamthilia inalitaja hilo, lakini inalitaja kwa haraka. Inatuonyesha sumu, pete, barua zilizoibwa, kicheko cha Hürrem mbele ya kioo. Sheria yenyewe inapita kama upepo. Hapo ndipo naona waliionea. Ukimwonyesha mtu anapigana bila kuonyesha simba aliye mbele yake, atakayeonekana mkorofi ni yeye.

Mwalimu wa Uru

Naomba niongeze kitu cha hapahapa kwetu. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi (mtawala wa Kichagga) Meli kule Old Moshi pamoja na wengine, jumla yao watu 19. Mpaka leo ukikaa na wazee, mazungumzo hayaanzi na Wajerumani. Yanaanza na Mangi Marealle wa Marangu, kwamba ndiye aliyepeleka maneno kwa mkuu wa boma. Na kweli Marealle alikuwa mwepesi wa siasa na alifaidika sana na Wajerumani. Lakini kamba ilikuwa ya nani? Mti ulichaguliwa na nani? Aliyenong'ona anabebeshwa mzigo wote, mwenye kamba anatoka mikono safi.

Ndivyo ilivyo kwa Süleyman. Kule Ulaya wanamwita Mtukufu, kwao wanamwita Mtunga Sheria. Amemuua mwanawe mkubwa katika hema lake mwenyewe, na historia imempa mkewe lawama.

Kijana wa Soweto

Mwalimu hapo umenipata kidogo. Kidogo tu. Rüstem je?

Mwalimu wa Uru

Askari walikasirika kwa kifo cha Mustafa, hivyo Sultani akamvua uwaziri Rüstem kuwatuliza. Akawekwa Kara Ahmed Pasha. Mwaka 1555 Kara Ahmed akauawa, Rüstem akarudi. Mwenye kutoa na kunyang'anya ni mmoja tu katika habari yote.

Fundi wa Bondeni

Dada wa Kiboriloni, sikukusahau. Mahidevran nami namhurumia, na nadhani katika uzi huu hatulazimiki kuchagua. Ule ugomvi wao wa mwanzo, anapompiga Hürrem mpaka uso unachubuka, haukubuniwa na waandishi. Balozi wa Venice, Bernardo Navagero, aliuandika mwaka 1553: Mahidevran alimkwangua uso, akamtukana kwamba ni nyama ya kununuliwa. Sultani alipomwita Hürrem, yeye akakataa kwenda, akatuma ujumbe kwamba hafai kuonekana, uso umeharibika na nywele zimeng'olewa. Watu huona hapo ujanja. Mimi ninachokiona kwanza ni msichana aliyeuzwa, anaambiwa na mwenzake aliye juu yake kwamba ni nyama. Ukishaitwa hivyo siku ya kwanza, utaishi namna gani na aliyekuita?

Baada ya Mustafa kufa, Mahidevran alibaki Bursa karibu na kaburi la mwanawe. Aliishi kwa dhiki na madeni. Na aliyekuja kumpa matunzo na kulijengea kaburi la Mustafa ni Sultani Selim wa Pili, mtoto wa Hürrem. Sisi Wachagga tungesema alipeleka isale, jani la kuombea msamaha. Mahidevran akaishi mpaka 1581, akazikwa palepale kando ya mwanawe. Tamthilia ingeweza kutupa walau dakika kumi za huyo bibi kizee akipokea msaada kutoka kwa mtoto wa mke mwenzake. Ningekubali wapunguze sumu mbili tatu ili tuipate hiyo.

Na wanaosema Hürrem alishinda, washike na hili. Mehmed, mwanawe wa kwanza, alikufa kwa ugonjwa mwaka 1543 akiwa na miaka 22 hivi. Cihangir alikufa wiki chache tu baada ya Mustafa, mwaka uleule 1553, kule Halab. Hürrem mwenyewe alifariki Aprili 1558. Mwaka mmoja baadaye wanawe wawili waliobaki, Selim na Bayezid, walipigana vita karibu na Konya. Bayezid akakimbilia Uajemi, na mwaka 1561 akauawa huko pamoja na wanawe, kwa mkono wa watu waliotumwa na ndugu yake na baba yake. Mama yao aliyetumia maisha yake yote kuzuia kamba hakuwepo kuiona ikiingia ndani ya tumbo lake mwenyewe.

Mama wa Njiro

Natokea Arusha, nimesoma wote. Fundi, tuambie kidogo habari ya nguo maana wewe ndiyo fani yako. Binti yangu ana sendofu Desemba na anataka gauni la Hürrem. Mahameli ya kijani, shingo wazi, taji. Hivi malkia wa Kiislamu alivaa vile kweli?

Fundi wa Bondeni

Mama, shikamoo. Hapana, hakuvaa vile. Jicho langu huwa linakwenda kwenye mshono kabla ya uso, kwa hiyo jambo hilo lilinisumbua tangu mwanzo.

Gauni lile la kwenye runinga limekatwa kizungu. Kiuno kimebanwa kwa dati, kifua kimeinuliwa, shingo imechimbwa, rinda limeanzia kiunoni. Nguo ya mwanamke wa Kiothmani wa karne ya 16 ilikatwa wima. Ndani shati jepesi refu, chini suruali pana, juu kaftani iliyofunguka mbele na kufungwa kwa vifungo vidogo vingi, halafu kaftani nyingine juu yake, na kiunoni mshipi. Uzuri wake ulikuwa katika kitambaa chenyewe, hariri na mahameli zilizofumwa kwa maua makubwa, na katika kuvaa tabaka juu ya tabaka ili bitana ya ndani ionekane mtu akitembea. Ukitaka kuiona karibu, mwangalie mama wa pwani wa zamani aliyevaa kanzu na suruali yake ya marinda, utakuwa umekaribia kuliko runinga.

Uturuki walilalamika sana, si kwa nguo tu. Ilipotangazwa tu, bodi ya utangazaji ilipokea malalamiko zaidi ya 70,000. Mwaka 2012 Erdoğan, akiwa Waziri Mkuu, alisema hadharani kwamba Süleyman halisi alikaa miaka 30 juu ya farasi, si katika jumba kama anavyoonyeshwa. Namwelewa anayetaka babu yake aheshimiwe. Lakini ona walipoumia: Sultani kuonyeshwa kitandani na chumbani. Kwamba mkewe ameonyeshwa muuaji, sikusikia kelele ya namna hiyo.

Binti mshonee, mama. Sendofu ni yake. Ila shingo nitaipandisha kidogo, na mikono nitaiachia mipana yenye bitana ya rangi nyingine, atakuwa karibu na Hürrem wa kweli kuliko yule wa runinga. Mahameli ya kijani Mbuyuni haikosekani.

Dada wa Kiboriloni

Fundi, nikuulize bila ubaya. Mbona unamtetea huyu mama kama ndugu yako?

Fundi wa Bondeni

Si ubaya, dada. Nimekaa na swali lako tangu asubuhi.

Mama yangu alitokea Kondoa. Baba alimkuta huko akiwa kazini, akamleta Kibosho. Hakuwa anajua kuongea Kichagga, hakuwa anajua kukatia ng'ombe majani ya migomba, alipika ugali wa uwele watu wakausukuma pembeni. Baba hakuoa mwingine, na alipopata fedha alimjengea mama jiko la bati kabla ya kuongeza chumba cha wageni. Basi ikawa tayari. Wakasema amempa kitu. Nikiwa na miaka saba nilitumwa chumvi nyumba ya jirani, nikasikia kwa masikio yangu wakisema usile chakula cha mwanamke yule, waulize wenzako kilichompata mumewe. Kilichompata mumewe ni kwamba alikuwa anarudi nyumbani mapema.

Mama alijua. Hakuwahi kugombana na mtu. Kila msiba ukitokea ukoo mzima yeye ndiye aliyeosha masufuria, kwa sababu kupika hakuruhusiwa. Miaka. Mpaka siku bibi, mama mzaa baba, alipougua akawa hawezi kula, akaomba uji, na wa kumpikia aliyekuwa karibu ni mama tu. Bibi akanywa uji wake miezi minne. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena, lakini pia hakuna aliyerudi kuomba radhi.

Kwa hiyo nikisikia limbwata, mikono yangu huwa baridi.

Na ndiyo maana katika habari yote ya Hürrem kinachonishika kuliko mapenzi na vita ni majiko yake. Tamthilia imegusa kidogo tu. Mwaka 1539 alijengewa msikiti Istanbul, na baadaye kando yake yakaongezwa madrasa, shule ya watoto, jiko la maskini na hospitali, katika mtaa wenye mahali palipoitwa Soko la Wanawake. Aliyechora ni Sinan, fundi mkuu wa majengo wa Sultani, na ilikuwa kazi yake ya mwanzo akiwa na cheo hicho. Mtaa ule hadi leo unaitwa Haseki, kwa cheo chake. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1550 akafungua jiko Yerusalemu. Lina tanuri la mikate, ghala, nyumba ya kupikia, vyumba vya wageni. Mapato ya vijiji vizima vya Palestina yaliwekwa wakfu kwa ajili yake, na hati ikaandika kila kitu mpaka mpishi na mwosha vyombo. Mamia ya watu walikula pale mara mbili kwa siku. Mwanamke aliyeuzwa sokoni akaweka kwa maandishi nani apike na nani aoshe sufuria.

Na jiko lile bado lipo. Wanagawa chakula mpaka leo, hasa Ramadhani.

Mwalimu wa Uru

Fundi, pole kwa mama. Hili la jiko nitaliingiza darasani wiki ijayo, kwa ruhusa yako.

Kijana wa Soweto

Mimi bado namlilia Mustafa. Lakini nimeanza kuirudia tangu sehemu ya kwanza, nimefika pale anapoletwa merini amefungwa. Mara ya kwanza nilikuwa nimeiruka.

Mama wa Njiro

Tutakuja Jumamosi kupima.

Fundi wa Bondeni

Narudi mara moja tu, niwape mrejesho.

Leo yule mama mtu mzima amekuja kuchukua gauni lake la kanisani. Runinga ilikuwa inawaka, sehemu ni ile ya Hürrem anaumwa, ile ya mwisho mwisho. Nikamwambia, mama, Jumamosi ile sikukujibu. Nikamweleza habari ya balozi aliyeandika limbwata bila kuingia mlangoni. Hakusema neno. Nikamweleza jiko la Yerusalemu.

Akaniuliza, "Bado wanapika?"

Nikasema bado.

"Wanapika nini?"

Nikamwambia hati ya Hürrem iliagiza asubuhi mchuzi wa mchele, jioni mchuzi wa ngano iliyovunjwa, na mkate. Ijumaa usiku na siku za sherehe, wali na nyama ya kondoo, na wali mtamu wa asali na zafarani.

Akaupindua upindo wa gauni kuangalia mshono, kama anavyofanya kila mara. Akasema, "Ijumaa basi walikuwa wanakula vizuri." Akalipa, akakunja gauni lake kwenye mfuko, akasogeza kigoda karibu na runinga akaangalia mpaka mwisho.